Milimita saba na bado akatetemeka: uchambuzi wa kisa cha suti ya kuzamia

Mzamiaji wa kisa hiki ni mwanamke mwembamba, kilo 58, aliyezoea bahari za joto kwa miaka kadhaa. Alipoanza kupiga mbizi kwenye maji ya baridi alinunua suti ya neoprini (mpira wa povu) ya milimita 7, kofia na glovu, akaona mambo yamekwisha. Mahali penyewe palikuwa machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji yasiyo na chumvi. Juu maji yalikuwa na nyuzi 19 za Selsiasi, na kuanzia mita 12 hivi kwenda chini, nyuzi 8. Alifika mita 24, akakaa majini dakika 38, na alipotoka alishindwa kufungua klipu za jaketi lake la kuelea kwa vidole vyake mwenyewe. Baada ya saa moja na robo alirudi kwa mbizi ya pili. Hiyo ilidumu dakika 15, akampa mwenzake ishara ya kupanda.

Swali alilokuja nalo lilikuwa fupi: "Mwalimu, sasa ninunue ya milimita ngapi?"

Dukani walikuwa wamemwonyesha suti nene zaidi yenye bitana ya titani inayong'aa. Mwenzake alimshauri aachane kabisa na suti za kulowa, zile zinazoruhusu maji kuingia kama yake, anunue suti kavu, isiyoingiza maji. Mtu wa tatu akamwambia aongeze fulana ya ndani tu, asihangaike. Kila mmoja alishika kipande cha ukweli, na ndiyo maana dada huyu alizidi kuchanganyikiwa.

Sikumpa namba siku hiyo. Nilimwomba anisimulie mbizi nzima tangu miguu ilipogusa maji. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa imehifadhi kina na halijoto, na mwenzake alikuwepo kujaza mapengo. Mapengo yalikuwa mengi. Kulikuwa na dakika kadhaa za mwisho ambazo yeye alikumbuka kidogo sana, wakati mwenzake alikumbuka kwamba mara mbili alimuuliza kwa ishara hewa iliyobaki, naye akaitazama geji bila kujibu. Baridi hupunguza akili kabla mwenye akili hajajua.

Mbizi ilivyokwenda

Dakika tano za mwanzo, juu ya mita 10, hakuwa na shida yoyote. Alipovuka lile tabaka la mita 12 uso ulimchoma na kichwa kikamuuma juu ya nyusi kwa muda mfupi, jambo la kawaida kwa ngozi ya uso iliyo wazi. Maumivu yakapita. Kisha wakaanza kuchungulia chini ya ukingo wa mwamba, na hapo ndipo kiini cha kisa kilipo: kila alipoinamisha kichwa au kujikunja kidogo, alihisi utepe wa maji ya baridi ukishuka kwenye uti wa mgongo mpaka kiunoni. Hakulitaja hilo mwanzoni. Ilibidi nimuulize moja kwa moja kama alisikia maji yakitembea ndani ya suti.

"Ndiyo," akasema, "lakini si ndivyo suti ya kulowa inavyofanya kazi? Maji yanaingia, mwili unayapasha joto?"

Kufikia dakika ya ishirini vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi alikuwa anakisukuma kwa kiganja. Mchoro wa kina kwenye kompyuta unaonyesha wazi kilichofuata: mstari uliokuwa umetulia unaanza kupanda na kushuka kama msumeno, mita moja juu, mita moja na nusu chini, kwa sababu mkono usiohisi hauwezi kupima hewa. Waliposimama mita 5 kwa dakika tatu za usalama walikuwa wamesharudi kwenye maji ya nyuzi 19, naye aliendelea kutetemeka. Mtungi wake ulibaki na hewa kidogo kuliko kawaida yake, na hilo halishangazi. Misuli inayotetemeka inafanya kazi, na misuli inayofanya kazi inataka oksijeni.

Maji yanayopashwa joto

Swali lake kuhusu maji linastahili jibu refu, kwa sababu maelezo hayo yamo katika vinywa vya wakufunzi wengi na yameuza suti mbaya nyingi. Inasemwa kwamba suti ya kulowa hunasa tabaka jembamba la maji, mwili huyapasha, na maji hayo ndiyo hukulinda. Nusu ya kwanza ni kweli. Maji huingia na kukaa. Lakini maji hayalindi kitu. Hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na ndiyo sababu hasa ya kuvaa suti.

Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa akitafuta vazi la wapiga mbizi wa jeshi la majini. Aligundua kwamba mzamiaji hana haja ya kuwa mkavu ili awe na joto, mradi vazi lenyewe liwe na gesi iliyofungiwa ndani yake. Neoprini ya povu ina maelfu ya vipovu vidogo vya naitrojeni, kila kimoja kikiwa kimefungwa peke yake. Hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Maji yaliyo kati ya suti na ngozi ni gharama tu: mwili unalipa kuyapasha, na ukishayalipia, unachoomba ni yasiondoke.

Gharama hiyo inahesabika. Lita moja ya maji ya nyuzi 8 ikipashwa mpaka nyuzi 28 inahitaji takriban kilojuli 84. Mwili uliotulia huzalisha kati ya wati 80 na 100, yaani kilojuli tano au sita kwa dakika. Kwa hiyo kila lita inayoingia na kutoka inakula joto ambalo mwili hulitengeneza kwa karibu robo saa. Dada huyu aliinama chini ya mwamba mara nyingi. Hata kama kila mara iliingia nusu kikombe tu, mwisho wa mbizi alikuwa ameyapasha maji mengi ya machimbo kwa joto lake mwenyewe, na yakaondoka nalo.

Ndiyo maana siulizi milimita kwanza. Nauliza maji yanapitia wapi.

Ukaguzi wa suti juu ya mwili

Nilimwomba aivae suti yote nchi kavu, pamoja na kofia na glovu, kama alivyovaa siku ile. Suti ilikuwa mpya, nzuri, laini sana, yenye zipu ndefu mgongoni. Mbele ilimkaa vizuri. Nilipomwambia asimame wima kisha mwenzake apitishe kiganja bapa juu ya kiuno upande wa nyuma, neoprini iliingia ndani kwa urahisi kabla ya kugusa mwili: palikuwa na shimo refu pale mgongo unapopinda, kubwa kiasi cha kuingiza ngumi. Wanawake wengi wana mpindo mkubwa hapo kuliko suti zilivyokatwa, na zipu ya mgongoni huzidisha tatizo kwa sababu ni mstari mgumu usiokubali kufuata mpindo. Mtu akiinama, shimo hilo hupanuka na kuvuta maji. Akijinyoosha, husukuma maji yatoke. Kiuno chake kilikuwa pampu.

Pampu inahitaji mlango, na mlango ulikuwa shingoni. Kola ya suti ilikaa mbali kidogo na kisogo. Kofia ilikuwa na sketi fupi, yaani lile pindo la chini linalofunika shingo, naye alikuwa akiivaa juu ya kola, kitambaa cha bitana juu ya kitambaa cha bitana. Nguo mbili za nailoni zikigusana hazizibi maji, huyapitisha polepole kwenye nyuzi zake. Kinachoziba ni neoprini laini isiyo na nguo ikigusa ngozi, au neoprini laini ikigusa neoprini laini. Glovu nazo zilikuwa hivyo hivyo, pindo lake likiwa juu ya mkono wa suti, bila uso laini popote.

Tulimalizia kwa jagi la maji. Nilimimina taratibu kwenye kisogo chake huku akiwa ameinama, akapiga ukelele kabla jagi halijafika nusu. Maji yalikuwa yameshafika kiunoni. Jaribio hili halina sayansi kubwa, lakini nalipendekeza kwa yeyote anayejaribu suti: maji kidogo ya bomba yatakueleza zaidi kuliko lebo.

Kuna sehemu nyingine za kukagua ambazo kwake zilikuwa sawa, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye msamba. Pasiwe na mfuko wa hewa popote. Suti inayofaa maji ya baridi inapaswa kukubana kiasi cha kukufanya uifikirie unapovuta pumzi ndefu, lakini isikuzuie kuivuta pumzi hiyo. Ikikubana kooni mpaka unasikia kichwa kikijaa, ni ndogo, hata kama muuzaji atakuambia italegea.

Milimita zinazopotea njiani

Sasa kuhusu unene. Namba 7 iliyo kwenye lebo ni ya nchi kavu. Vipovu vya neoprini vimejaa gesi, na gesi hutii mgandamizo: mita 10 chini hubaki nusu ya ujazo wake, mita 20 theluthi, mita 30 robo. Kwa mita 24 alizofika, gesi ndani ya suti yake ilibaki chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa ufukweni. Mpira wenyewe haupungui na hupinga kiasi kubanwa, kwa hiyo suti haiwi theluthi kamili, lakini si ajabu saba ya dukani ikabaki karibu na nusu yake au pungufu. Tena kilichobaki ni kibaya zaidi kuliko suti nyembamba ya kawaida, kwa sababu sasa sehemu kubwa yake ni mpira mtupu, na mpira hupitisha joto kuliko gesi.

Ulaini alioupenda dukani ulichangia. Neoprini inayonyooka sana huwa hivyo kwa sababu ina gesi nyingi na mpira mchache. Ni raha kuivaa, inakubali kila umbo, na kwenye mbizi za mita 8 sina neno nayo. Ukiipeleka mita 24 inabanwa haraka kuliko ile ngumu ya kizamani ambayo watu huilaani wakati wa kuivaa. Kwa mbizi za kina katika maji ya baridi mimi huchukua neoprini ngumu na kuvumilia jasho la dakika kumi za kuvaa.

Haya yana upande wa pili ambao wengi hawauhusishi na baridi. Suti ikibanwa hupoteza uwezo wa kuelea, na mzamiaji aliyebeba risasi (vipande vizito vya kumzamisha) za kutosha kuizamisha suti ya milimita 7 juu ya maji anajikuta mzito kule chini. Inabidi ajaze hewa nyingi kwenye jaketi, na wakati wa kupanda aitoe kwa wakati ufaao. Kazi hiyo yote ni ya vidole. Vidole vikifa, udhibiti wa kina unakufa navyo, na ule mchoro wa msumeno kwenye kompyuta yake ndio ushahidi. Tunapozungumza kuhusu suti ya joto hatuzungumzii starehe.

Pia suti huzeeka. Kila mbizi ya kina huvunja baadhi ya vipovu visirudi tena, na suti ya kukodi iliyozama mara mamia inaweza kuandikwa 7 ikawa nyembamba kama 5. Hilo halikuwa tatizo lake, ila nalitaja kwa wanaofikiria kununua iliyotumika: ibane kwa vidole kwenye mabega na kiunoni, uone kama inarudi.

Kichwa, mikono, na mwili mdogo

Ule usemi kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani si kweli. Kichwa ni kama asilimia 10 tu ya ngozi yote. Hata hivyo mishipa ya ngozi ya kichwa haijifungi kwa baridi kama ya mikono inavyojifunga, na maji ya baridi yakiingia ghafla sikioni yanaweza kumfanya mtu aone dunia inazunguka. Kwa hiyo kofia ya milimita 5 au 7 ni lazima, na muhimu zaidi ni sketi yake iwe ndefu na iingie chini ya suti.

Mikono ndiyo haina dawa nzuri. Glovu zake zilikuwa za milimita 3. Kwa nyuzi 8 ningependa 5 angalau, au zile za vidole vitatu, ambazo huhifadhi joto zaidi kwa sababu vidole vinakaa pamoja. Ila glovu nene hazitasaidia mwili ukiwa umeshapoa. Kiwiliwili kikianza kupoa, mwili hufunga damu ya mikononi ili kuokoa viungo vya ndani. Mzamiaji anayelalamika vidole mara nyingi shida yake iko kifuani na mgongoni.

Na mwili wake ni mdogo. Mtu mwembamba wa kilo 58 ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na mafuta machache chini ya ngozi. Mwenzake, mwanamume wa zaidi ya kilo 90, alivaa suti ya unene uleule siku ileile na akasema ilikuwa "baridi kidogo". Sina wasiwasi kwamba alisema kweli. Chati za maduka zinazopanga unene kwa halijoto ya maji zimemfaa yeye. Mtu mdogo asome mstari mmoja chini yake.

Kwa nini mbizi ya pili ilishindikana

Hapa sina haja ya kukaa sana. Kati ya mbizi mbili alikuwa ameivua suti nusu, ikaning'inia kiunoni, akakaa kwenye upepo na fulana iliyolowa. Bitana ya nailoni upande wa nje hushika maji, na maji yakikauka kwa upepo huchukua joto. Mwili ulikuwa bado unalipa deni la mbizi ya kwanza na papo hapo ukaongezewa jingine. Kisha akaivaa suti ileile ya baridi, akaingia kwenye maji ya nyuzi 8. Ingekuwa ajabu kama angemaliza dakika thelathini.

Angetakiwa kuivua yote, kujikausha, kuvaa nguo kavu na koti la kuzuia upepo, kofia kichwani, na kunywa kitu cha moto. Na kama baada ya hapo bado unatetemeka, mbizi ya pili haipo. Kutetemeka nchi kavu ni mwili ukisema haujamaliza.

Kuna sababu nyingine ya kulichukua hili kwa uzito. Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Majini la Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi wa jinsi joto na baridi vinavyoathiri ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni yanayojitokeza mwilini mzamiaji anapopanda. Waliokuwa na joto kule chini kisha wakapata baridi wakati wa kupanda waliugua zaidi. Waliokuwa na baridi chini na joto wakati wa kupanda walikuwa salama zaidi. Ukiwa na joto damu hutembea na tishu hunywa naitrojeni, na ukipoa damu hupungua kwenye ngozi na misuli, gesi ikachelewa kutoka. Kwa bahati mbaya mzamiaji wa suti ya kulowa hufuata njia ile mbaya: anaanza na joto, anamaliza na baridi. Katika kisa hiki tabaka la juu lenye nyuzi 19 lilimsaidia kidogo. Pasipo tabaka la namna hiyo, inafaa kupunguza muda wa chini na kuongeza wa mita 5, si kinyume chake.

Machaguo aliyokuwa nayo

Bitana ya titani niliiondoa mezani mapema. Dai lake ni kwamba hurudisha mnururisho wa joto la mwili, yaani joto linalotoka kama miale. Katika maji, joto huondoka kwa kuguswa na kusombwa na maji, na mnururisho una mchango mdogo mno. Suti yenye titani inaweza kuwa nzuri kwa sababu nyingine, lakini usiilipie kwa ajili ya kung'aa.

Suti nene zaidi ya mtindo uleule, yaani milimita 8 yenye zipu mgongoni, ingemwongezea milimita moja nchi kavu na kama nusu milimita kule chini. Kiuno kingebaki pampu.

Fulana ya ndani yenye kofia iliyoungwa lilikuwa wazo zuri kuliko alivyodhani aliyelitoa. Kofia ikiwa imeungwa na fulana, mlango wa shingo unafungwa, na kiwiliwili kinapata milimita nyingine mbili au tatu. Tulijaribu moja ya kuazima. Shingoni jagi lilishindwa. Lakini fulana fupi ilipanda juu alipoinama, na shimo la kiunoni likabaki na nusu ya ukubwa wake. Yenye miguu mifupi haipandi, na kama angekuwa na mbizi mbili tatu tu kwa mwaka ningemwambia anunue hiyo, aitumie na suti aliyonayo, aokoe pesa zake.

Suti kavu ndiyo jibu la kweli kwa maji ya nyuzi 8 kama mtu anazama mara kwa mara, hasa mtu wa umbo lake. Joto linatoka kwenye nguo za ndani, kina hakilipunguzi mradi unajaza gesi ndani ya suti kadiri unavyoshuka, na mbizi ya pili inaanza ukiwa mkavu. Upande wa pili upo: inataka mafunzo, kwa sababu gesi iliyoko ndani huweza kukimbilia miguuni na kukupandisha kichwa chini. Inataka risasi zaidi, na mipira ya shingo na mikono inayobadilishwa. Ikivuja katikati ya mbizi, nguo za ndani zilizolowa hazikusaidii sana. Yeye alikuwa na mbizi za miezi ya joto tu, hazizidi dakika 40, na hakutaka kuanza mafunzo mapya mwaka huo. Nilimwambia wazi kwamba hilo ndilo lililoamua, wala si kwamba suti kavu haifai.

Ikabaki suti nusu-kavu. Ni suti ya kulowa bado, ila imejengwa kuzuia maji yasitembee: mapindo laini ya kuziba mikononi, miguuni na shingoni, mishono iliyogundishwa na kufungwa, na zipu nzito ya kuzuia maji, mara nyingi ikipita mabegani badala ya kushuka mgongoni. Zipu ikiwa mabegani, kiuno kinakuwa neoprini tupu inayoweza kufuata mpindo wa mwili. Kwa wanaonunua katika nchi zinazofuata viwango vya Ulaya, kuna kiwango cha EN 14225-1 kinachopanga suti za kulowa kwa madaraja, daraja A likiwa la maji baridi zaidi. Daraja linasaidia kuchuja. Halijui mgongo wako.

Kilichochaguliwa na kilichotokea

Alijaribu nusu-kavu nne. Mbili za kwanza zilikuwa za kampuni inayosifiwa na wengi na zote zilikuwa na shimo kiunoni, moja kubwa kuliko suti yake ya awali. Ya tatu ilimkaba. Ya nne, ya kike, ya milimita 7, yenye neoprini ngumu kiasi na zipu mabegani, ilipita mtihani wa kiganja na wa jagi. Akaongeza kofia yenye sketi ndefu inayoingia chini ya kola, laini kwa laini, na glovu za milimita 5 ambazo pindo lake linaingia chini ya mkono wa suti.

Kabla ya kuipeleka kwenye kina tulipima risasi upya kwenye maji ya kimo cha mtu. Neoprini ngumu ina mpira zaidi, ikaelea kidogo kuliko ile laini, akapunguza kilo moja na nusu. Mtu akibadilisha suti bila kupima risasi amenunua nusu tu ya suti.

Machimbo yaleyale, nyuzi 8 zilezile chini ya mita 12. Nilimwomba abaki mita 20 badala ya 24 mbizi ya kwanza. Alitoka baada ya dakika 40 akiwa anaongea, na klipu alizifungua mwenyewe. Maji yaliingia ndiyo, zaidi kwenye mikono, lakini yalikaa. Ule utepe wa mgongoni haukutokea. Vidole vilipoa kuanzia dakika ya thelathini, naye alipanda kabla havijafa, kwa sababu sasa tulikuwa tumekubaliana ishara: akishindwa kugusa kidole gumba kwa kidole cha mwisho, mbizi imekwisha, bila mjadala. Mbizi ya pili ilikuwa dakika 28, baada ya kujikausha vizuri na kukaa mahali pasipo upepo. Hakutetemeka mpaka dakika za mwisho.

Aliniuliza kama suti hiyo itamfaa wakati wa baridi kali, maji ya machimbo yanapofika nyuzi 4 au 5 juu mpaka chini. Kwa dakika 20 za mita 8, labda. Kwa mbizi anazozipenda yeye, hapana. Tabaka la joto la kupandia halitakuwepo, regulata yenyewe, kifaa cha kupumulia, itahitaji kuwa ya maji ya baridi isije ikaganda na kumwaga hewa, na mwili wa kilo 58 hauna akiba ya kufidia yote hayo. Amejiandikisha mafunzo ya suti kavu. Ile nusu-kavu inabaki kwa miezi ya joto. Nimemwambia aitundike kwenye kitundikio kipana cha mabega, zipu ikiwa imepakwa nta, wala asiikunje kabatini, maana mkunjo uliokaa miezi huvunja vipovu kwenye mstari wake, na mstari wa suti zinazokunjwa mara nyingi hupita kiunoni.